Sehemu ya Pili Iliyojikokota

Nakiri: kwenye kibanda cha gemu cha Mama Zaina, pale Soni, nilikuwa nikiwatafsiria wachezaji, kutoka Kiingereza, hadithi ya gemu ya vita vya sayari. Sehemu ya kwanza niliitafsiri kwa kubahatisha, ikaenda mbio. Ya pili nikaapa nisikosee hata neno. Ikajikokota wiki mbili, wateja wakapungua, nikaona kazi inaniponyoka. Nikawalaumu watunzi: "Hawa hawajui kusimulia!"

Kisha nikaugua siku moja. Niliporudi nilikuta kibanda kimejaa.

"Shikamoo, mama. Tunaendelea na ya pili?"

"Marahaba. Tuliimaliza jana kwa kubahatisha, kabla ya alasiri," alisema kwa upole. "Hadithi haina kosa, mwanangu. Wewe ndiye unayeisimamisha kila sentensi upekue kamusi."

Wateja wakanitazama mkononi. Nilikuwa nimeleta kamusi nyingine, nene zaidi.