Kizibo cha Kyule

Ulimi wa Syokau ndio uliogundua ufa kwanza, kwenye kizibo cha gego la chini upande wa kulia. Halafu chai ya asubuhi ikamchoma mpaka akashika meza.

Kliniki ya meno iko Wote, nyuma ya soko. Daktari Kaloki alimulika, akagonga kidogo, akatikisa kichwa. "Mama, kizibo hiki kimechoka. Hivi vyeupe kwenye magego hukaa miaka saba, kumi, vingine zaidi. Chako kina kumi na miwili, kimejitahidi. Tukitoe leo tuweke kingine, ama uozo ushuke tung'oe jino zima."

"Si ukipake tu juu, daktari? Kibaki hicho hicho."

Eti kibaki! Lakini ungemjua marehemu mumewe, Kyule, usingemcheka. Siku zile kule Kathonzweni jino likiuma lilikuwa linang'olewa, kwisha maneno. La Syokau lilipouma, Kyule alikataa katakata. Na alipoambiwa kuna kizibo cha rangi ya chuma na kuna cheupe, akasema, "Huyu mwekee cheupe. Akiimba kwaya hufungua mdomo wote. Sitaki kanisa zima litazame chuma badala ya kusikia wimbo." Muuguzi alicheka mpaka akatoka nje. Wah, mtu huyo alikuwa na maneno!

Tangu amzike, Syokau hakutafunia tena upande ule. Isyo ya mahindi na maharagwe, mbaazi za kijani za msimu, miwa ya Kilungu, vyote kushoto. Hata mswaki aliupitisha kule kwa woga, asije akakikwaruza. Alikitunza kama mtu anayemwekea mwenzake kiti kanisani.

"Huku husugui, mama?" Kaloki akauliza. "Uchafu umekaa pembeni, ndio uliofungua njia."

Loo! Syokau alifunga macho. Miaka yote hiyo akidhani analinda, kumbe anaharibu. Alimkumbuka Kyule akimshika mkono kwenye benchi la kungojea, akimwambia asiogope, jino lake halitang'olewa yeye akiwa hapo. Jino. Hakusema kizibo.

"Kitoe," akasema.

Akachomwa sindano ya ganzi, wakangoja, mashine ikaanza kulia. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Kaloki akasimamisha mashine haraka.

"Pole, mama. Ganzi haijashika?"

"Imeshika," akasema Syokau kwa mdomo uliokufa nusu. "Endelea tu."