Waliondoka Wakiimba

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijatulia mahali. Nilipita Kigoma, Lusaka, Harare, nikaishia Johannesburg, kwenye chumba cha kupanga mtaa wa La Rochelle. Kazi niliyodumu nayo kuliko zote ni kulinda geti la nyumba moja mtaa wa Kensington, na nilidumu kwa sababu ya mzee aliyekuwa ndani.

Alikuwa Mbelgiji wa miaka tisini na kitu. Ujanani alikuwa luteni, kisha akawa administrata, mkuu wa wilaya wa kikoloni, katika milima ya kwetu, mashariki ya Kongo. Uhuru ulipokuja akateremkia huku. Binti yake aliposikia nasema Kiswahili, akanipa kazi ya pili: kila alasiri nimsukume baba yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, tutazame magari, turudi.

"Umesoma mpaka wapi?" mzee aliniuliza siku ya kwanza.

"Darasa la sita, Mzee."

"Zamani zangu ningekupa ukarani."

"Na zamani zangu hizi, Mzee, ungelinda geti."

Alicheka mpaka akakohoa.

Nilimuuliza kila kitu: barabara zilichimbwaje, alikula nini safarini, aliogopa nini. Alijibu yote. Lakini jambo moja alilisema bila kuulizwa, tena na tena. Aliamriwa kuvihamisha vijiji vya mlimani, watu wakae kando ya barabara. Nyumba zao zilichomwa ili wasirudi.

"Hawakulia," alisema. "Waliondoka wakiimba. Nilikuwa nyuma yao, nilisikia."

Kisha akauimba wimbo wenyewe kwa kuguna, mdomo umefungwa, bila kukosea popote.

Nilisimamisha kiti. Wimbo ule naujua. Kwetu maiti hatolewi nyumbani kimya. Husindikizwa kwa wimbo huo, na ni mwiko mtu kulia kabla kaburi halijafunikwa. Bibi yangu tulimpeleka nao, na yeye alizaliwa kule juu, kwenye kijiji kimojawapo kati ya vile.

Niligeuza kiti, tukarudi. Aliendelea kuguna wimbo wake wiki baada ya wiki, nami nikisukuma, mpaka alasiri moja akauliza mwenyewe.

"Wewe mtu wa kule. Ule wimbo ni wa nini?"

"Tuuache tu, Mzee."

"Sema, kijana. Ni amri," akasema, akitabasamu.

Nikamwambia. Tabasamu likabaki usoni kidogo, kama limesahauliwa.

"Nani alikuwa amekufa?"

"Hakuna. Walikuwa wanazika kijiji."

Robot ikawaka kijani, ikarudi nyekundu. Hakuyatazama magari.

"Na kulia, walilia lini?"

"Jioni ile ile, barabarani. Bibi alinisimulia."

"Mimi nilikuwa nimeshaondoka," alisema.

Hakuuguna tena wimbo ule. Tuliendelea kwenda na kurudi, tukizungumza habari za baridi na bei ya mkate, mpaka alipofariki.

Aliuliza, na sikuweza kumdanganya. Ila mji huu ni mkubwa, na watu wa milima yetu ni wachache. Watoto wetu waliozaliwa hapa ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kizulu. Mtu pekee niliyewahi kumsikia hapa na wimbo wa bibi yangu alikuwa yule aliyechoma kijiji chake, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Nikipita Kensington huwa napunguza mwendo karibu na lile geti. Mlinzi mpya ananiuliza namtafuta nani.