Kopo Lililoimba Mkononi Mwangu Tu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, alasiri moja ya Buyenzi ambapo sauti ya kijana aliyekuwa mbali, safari ya mashua ziwani, ilinitaka nitoke chumbani, nami nikashindwa kutoka. Kaa nikueleze kabla hujaondoka, maana hata mimi kuna mahali sielewi mpaka leo.

Kwanza ujue unazungumza na nani. Mimi Bukuru unayeniona na maduka mawili, moja Bwiza na moja hapa hapa Buyenzi, shule niliiachia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini nilikuwa mtu wa kwanza Bujumbura nzima kutengeneza kwa mikono yake mashine ya muziki ya mfukoni isiyotumia kaseti wala sahani. Kama yuko aliyenitangulia, na ajitokeze. Nimemsubiri miaka yote hii, hajaja.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya vita. Usiku milio ya risasi ilisikika milimani, asubuhi watu wakaamkia kazini kama hawakusikia kitu. Nilikuwa fundi umeme wa magari katika karakana ya Mzee Sefu, mzee wa ukoo wa Kiomani ambaye babu zake walifika hapa kabla ya barabara. Zile mashine ndogo za muziki kutoka Dubai zilikuwa zimeanza kuonekana, tajiri mmoja mmoja akitembea na yake shingoni. Moja iliingia maji, mwenyewe akaitupa, mimi nikaiokota. Nikauchomoa ubao wake wa ndani, nikauunga na betri ya simu, vibonyezo vya kikokotoo, tundu la spika za masikioni la redio mbovu, na mahali pa kuchomeka kadi ya kumbukumbu nilipopang'oa kwenye kamera iliyovunjika. Vyote nikavilaza ndani ya kopo la sardini, juu ya kipande cha mpira wa tairi ili visitikisike.

Ikaimba, mwanangu! Warundi husema ndege asiyeruka hajui mtama umeiva wapi. Mimi niliruka.

Ila iliimba nikiwa nimeishika tu. Nikiiweka mezani, kimya. Nikiishika, inaimba tena kuanzia mwanzo. Nikakaza huku, nikalehemu kule, hali ni ile ile. Nikaikodolea macho mpaka kichwa kikauma. Wenzangu karakanani wakasema kopo lina jini. Mimi nikajiuliza, kwa nini niseme sijui wakati naweza kusema jambo zuri zaidi? Nikatangaza kwamba ni mkono wangu wenye kipaji. "Hii mashine inanijua," nikawaambia. Na kwa kuwa sikumruhusu mtu kuigusa, hakuna aliyeweza kunibishia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema. Mimi sikungoja hata wa kunisifu, nilijihudumia mwenyewe.

Sasa, Mzee Sefu alikuwa na sheria yake. Ukimaliza kutengeneza kitu cha mtu, taa ya gari, redio, pasi, chochote, unakiwasha, unamwacha mwenyewe amekaa nacho, na wewe unavuka barabara kwenda kunywa chai kwa mama muuza chai. Hukimbii, hugeuki nyuma. Kikombe kikiisha na kile kitu bado kinafanya kazi, umemaliza. Kikizimika kabla ya hapo, hujafanya kazi. Hilo kopo langu halikuwahi kunywewa chai. Nilisema si la mteja, ni langu.

Basi akaja Mama Yasini, jirani yetu aliyeuza mchele barazani kwake. Mwanawe Yasini alikimbia siku kartie yao, yaani mtaa wao, ilipochomwa, na tangu hapo mama hakuwa na habari yake. Sasa mfanyabiashara mmoja wa mashua alikuwa amemletea kadi ndogo kama ukucha, imefungwa kwenye nailoni. Barua zilikuwa zinafunguliwa njiani, kwa hiyo Yasini, ambaye inasemekana alipata kibarua kwenye studio ndogo huko Kigoma, aliweka sauti yake humo. Mama hakutaka kuipeleka mjini kwenye kompyuta za watu. Maneno ya mtu aliyekimbia hayasikilizwi na wageni.

"Bukuru," akasema, "banasema we unaweza."

"Mi peke yangu, Mama. Bujumbura yote."

"Wacha maneno. Mutoto wangu iko humu ndani. Sijue iko muzima ao apana."

Tukaingia chumba cha nyuma chenye betri za magari. Nikachomeka kadi, nikamvalisha spika masikioni, nikalishika kopo. Nikauona uso wake ukifunguka, kisha ukajifunga. Akazivua.

"Anasema nini, Mama?"

"Anasema, mama, kama kuna mutu karibu, atoke kwanza."

Mtu huyo ni mimi. Nikaliweka kopo kwenye kiti, nikatoka. Sijafika mlangoni akaniita, "Bukuru! Amenyamaza!"

Nikarudi, nikalishika. Likaanza upya.

"Amesema tena utoke."

"Mi sisikii kitu, Mama. Sauti iko masikioni mwako."

"Amesema utoke. Mi simudanganyi mutoto wangu."

"Nikitoka ananyamaza!"

"Sasa tufanye je, we mwenye kipaji?"

Mwanangu, nilisimama pale sijui niende wapi. Nilijaribu kulishika kwa ncha ya kidole huku nimegeukia ukuta. Nilijaribu kusimama nje ya mlango mkono tu ukiwa ndani, kama mwizi wa maandazi. Kila nikiligusa, Yasini anaanza tena na maneno yale yale, na mama yake anazivua spika masikioni kabla ya kusikia yanayofuata. Machozi yakaanza kumlengalenga. Mtoto wake alikuwa mle ndani ya kopo, na aliyemziba mdomo ni mimi niliyemfungulia.

Mzee Sefu akaingia akitoka msikitini, kofia ingali kichwani.

"Bukuru, chai umekunywa?"

"Bado, Mzee. Mashine haitaki niondoke. Inajua mkono wangu."

Akalitazama kopo. "Kopo ya sardini inakujua? Na samaki zenye zilikuwa ndani, nazo zilikujua?"

"Mzee, akilishika mtu mwingine litaungua."

"Nani alijaribu?"

Akalichukua mkononi mwangu, mwanangu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaliweka kwenye kiganja cha Mama Yasini na kuvikunja vidole vyake juu yake. Mama akazirudisha spika masikioni, akashtuka. Kwa mkono mwingine akatufukuza kama anafukuza kuku.

Nikavuka barabara. Nikaagiza chai, nikasahau kuinywa. Sikuelewa kitu. Lilikuwa likiimba kwa mkono wowote? Basi nilikuwa nimejivunia nini muda wote ule?

Mzee akakaa kando yangu. "Masi uliifunga wapi?" Masi, kwa sisi mafundi wa magari, ni njia ya kurudisha umeme kwenye betri.

"Si lile kopo ni chuma, Mzee? Kwenye gari bodi yote ni masi."

"Gari betri yake wameifunga kwa bodi na waya munene. Kopo yako umeifunga na nini? Na mupira? Masi ya kopo ile ilikuwa mukono yako, inagusa kopo na betri pamoja." Akapuliza chai yake. "Lakini sikukasirikii juu ya waya. Waya kila mutu anasahau. Mi nakukasirikia juu ya vile ulifurahi. Uliona kitu inakuhitaji, ukafikiri ni sifa. Kitu inayokufa ukitoka, haujatengeneza. Umejifunga nayo tu."

Baada ya muda mrefu Mama Yasini akatoka. Alikuwa analia au anacheka, mimi sikuweza kutambua, na nilimtazama kweli kweli. Akaniwekea kopo mapajani.

"Iko muzima, Mama?"

"Kunywa chai yako, mwanangu. Imepoa."

Kadi alikuwa ameichomoa. Kabla mvua hazijaanza aliufunga mlango wa nyumba yake, akampa jirani gunia la mchele lililobaki, akapanda mashua ya Kigoma. Yasini alimwambia nini? Kwamba aje? Kwamba asije, naye akaamua kwenda? Nimelifikiria jambo hilo nikiwa na mke, nikiwa na watoto, nikiwa na maduka mawili. Sijui.

Siku ya pili niliunga waya mfupi kama kidole kutoka kwenye kopo hadi kwenye betri. Nikaliweka mezani, likaimba lenyewe. Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Wenzangu walisikiliza nyimbo mbili, wakarudi kazini. Hakuna aliyenizunguka tena. Kazi ilikuwa imekuwa nzuri, na mimi nilikuwa nimeonekana mdogo. Sikujua nifurahi au ninune. Nikafanya vyote viwili.

Kwa hiyo, mwanangu, shika hili. Ukitengeneza kitu na ukaona hakiendi bila wewe, usipige kifua. Tafuta waya uliousahau. Iwe ni mashine, iwe ni duka, iwe ni mwanafunzi uliyemfundisha kazi, iwe ni mtoto wako wa kumzaa. Ukiona kinakutegemea kila dakika, hiyo si heshima, ni kazi haijaisha. Na usilolijua, sema hulijui, hata kama una jambo tamu zaidi la kusema. Kuuliza si ujinga. Mimi nilichelewa kuuliza, na wa kwanza kuumia hakuwa mimi, alikuwa mama wa mtu.

Mungu akupe mikono inayojua kushika na inayojua kuachia. Akupe kazi ya kuwatumikia watu hata jina lako wakilisahau, na akujalie usilione hilo kuwa hasara. Nenda salama, mwanangu.