Mtu Aliyesimama Mbele ya Kamera ya Othmani

Katika mtaa wa Waswahili pale Muyinga hakuna fundi cherehani anayemfikia Othmani, na kama yuko, Othmani hajamwambia mtu. Kanzu zake zinakaa mwilini kama zimeota hapo. Mwenye kitambi akivaa suruali ya Othmani, utadhani amefunga Ramadhani mbili mfululizo. Lakini msifu kwa kazi uone, hatachangamka. Sifa aliyoitaka maisha yake yote ni ya ushujaa, na ushujaa, jamani, ni kitambaa ambacho hakuwahi kukatiwa hata kiraka.

Alichokiogopa mtaa mzima ulikijua, ila hakitajwi mbele yake. Ni nyumba. Baba yake alihamia kutoka Gitega wakati wa vita, akainunua kwa mtu aliyesema ni yake. Mtu huyo hakuonekana tena. Wakubwa wa mtaa wakanong'ona kwamba wenyewe ni familia ya mwashi mmoja, wamevuka mpaka, wako kambini Tanzania. Mzee akiulizwa, aliongeza sauti ya redio. Alipofariki alimwachia Othmani nyumba, geti la mabati na redio, neno hakumwachia. Tangu watu waanze kurudi kutoka Tanzania, malori yakishusha magodoro na masufuria na kuku waliofungwa miguu, Othmani akawa anapita kando ya barabara akitazama nyuso. Hana shamba. Hana pengine pa kulala. Anayo hiyo tu, chumba cha kushonea mbele na mkewe Layla ndani.

Basi safari moja alikwenda Gitega kununua vitambaa, akafikia kwa binamu yake Houssein, muuza simu na redio. Nyuma ya duka Houssein ameweka televisheni kubwa, watu wanalipa kucheza gemu. Siku hiyo benchi lilijaa, kila mtu amekunja miguu juu kama sakafuni mna nyoka.

"We Othmani, keti," Houssein akasema. "Leo tutajua kama kifuani iko moyo ama iko ndizi."

"Mi? Mi nilipita vita na miguu yangu hii, nitaogopa televisheni?"

Nadia, mke wa Houssein, alikuwa mlangoni na sinia la sambusa. Huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa gemu ile, ingawa mumewe hapendi lisemwe. "Shemeji, vua kofia kwanza," akamwambia. "Iko watu walitoka hapa wakaisahau."

Gemu yenyewe ni hivi. Wewe ni mlinzi wa hoteli iliyofungwa zamani. Umekaa peke yako chumbani, na mbele yako mna vioo vya kamera vinavyokuonyesha korido, ngazi, jiko. Ndani ya hoteli wamo wauaji waliovaa magunia ya unga vichwani. Hawakimbii, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ukimtazama, anasimama kimya na gunia lake. Ukigeuka kutazama korido nyingine, ukirudi unamkuta amesogea. Una mlango na una kitufe cha kuufunga, lakini mlango ukifungwa unakula umeme, na umeme ukiisha unafunguka wenyewe. Kuhusu umeme kuisha, Mrundi hahitaji kufundishwa na gemu.

Othmani akaanza vizuri. Akawatazama, wakasimama. Halafu mlangoni pakagongwa, ko ko ko, kwa adabu kabisa. Naye mtoto wa watu, aliyelelewa akaleleka, mdomo ukamtoka: "Karibu!" Kidole nacho kikafungua.

Gunia likajaa televisheni nzima. Othmani akaruka, kofia ikaangukia kwenye sambusa.

"Umemkaribisha muuaji!" Nadia alicheka mpaka akashika ukuta. "Msalimie na amahoro, mpe kiti!"

"Muulize watoto hawajambo!" Houssein akaongeza, na benchi zima likalia kwa kicheko.

Hapo Othmani akaapa. Akabaki Gitega siku nyingi kuliko vitambaa vilivyohitaji, akacheza mpaka akashika sheria mbili: usitoe jicho, na usifungue. Kwa sheria hizo akashinda. Aliporudi Muyinga akasimulia, na kila aliposimulia wauaji walizidi, mpaka hoteli isingeweza kuwaenea.

Houssein, mfanyabiashara asiyepoteza nafasi, alikuwa amemuuzia kamera. "Mtu aliyeshinda gemu ile," alimwambia, "atakaa vipi na geti tupu?" Othmani akaipachika juu ya geti, kioo chake akakiweka kando ya cherehani. Siku za kwanza ilikuwa raha. Alimwona mbuzi wa jirani akitafuna kanga ya Layla kwenye kamba ya nje, akatangaza mtaa mzima kwamba amekamata mwizi.

Halafu alasiri moja, jua liko wazi, akamwona mtu.

Amesimama ng'ambo ya barabara, ameelekea geti. Koti refu. Kofia ameishika mkononi. Kamera ilikuwa ya bei ya udugu, kwa hiyo uso haukuonekana sawasawa, ulikuwa mweupe mweupe kama umepakwa unga. Hakubisha hodi. Hakuita mtu. Watu walimpita na baiskeli zao za ndizi, yeye amesimama tu, anatazama juu, ndani ya kamera, ndani ya jicho la Othmani.

Othmani akainama kutia uzi kwenye sindano. Alipoinua kichwa, mtu alikuwa upande huu wa barabara.

Uzi ukamtoka mkononi. Hakuinama tena. Akamkodolea macho mpaka yakatoa machozi, na yule mtu, kama ilivyo desturi yao wale, hakusogea. Jua liliposhuka akavaa kofia, akaondoka taratibu.

Akarudi siku ya soko. Akarudi tena baada ya hapo. Kila mara alasiri, kila mara kofia mkononi. Othmani akawa hashoni, anatazama. Blauzi ya mwalimu mmoja akaitia mkono wa kushoto pande zote mbili. Gauni la bibi arusi akalifunga shingo kwa mshono, mama wa bibi arusi akauliza kama binti yake aingie kwa chini kama kuku kwenye tenga.

"Ule mutu iko pale tena," alimnong'oneza Layla.

"Si utoke umuulize anataka nini?"

"We hujui sheria."

"Sheria gani? Ya serikali ama ya televisheni?"

Akampigia Houssein. Houssein akacheka kwanza. "Iko na gunia kichwani?"

"Hapana. Iko na kofia mkononi."

Kicheko kikakatika. "Basi ule ni mubaya zaidi," Houssein akasema. "Usifungue, ndugu yangu."

Wote wawili walielewana bila kutaja kitu. Muuaji, Othmani angemwogopa kidogo tu. Muuaji ana kitufe chake. Lakini mtu anayesimama mbele ya nyumba yako akaitazama paa, kisha dirisha, kisha pembe ya ua, kama anayekagua mahali alipowahi kuacha kitu, huyo kitufe chake kiko wapi? Othmani alianza kulala vibaya. Alianza kuiona nyumba yenyewe kama inamtazama. Alikuwa akiingia chumba cha nyuma anasita mlangoni, karibu abishe hodi kwake mwenyewe.

Siku iliyokata mambo, alimwona mtu yule ameshafika karibu na geti, karibu mno, koti lote limejaa kwenye kioo. Pasi ya mkaa ilikuwa inafuka pembeni. Othmani ameshika ukingo wa meza, hapepesi. Na umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi, ndani yake akauona uso wake.

Akakimbia. Msicheke, alikimbilia getini, siyo chini ya kitanda, akalishika komeo kwa mikono yote miwili. Upande wa pili wa bati alisikia mtu anapumua. Kisha kikohozi, kile kikohozi kidogo cha mgeni.

"Nani?" Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi wa kutarizi.

"Samahani sana, kaka. Naitwa Leonardi. Natoka Mwakiro, ndiko tulikofikia tuliporudi." Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha ng'ambo, cha kambini. "Nimekuja mara nyingi. Niliona kamera inanitazama, nikajua mmeshaniona. Kwetu mama alitufundisha, mwenye neno la kifo habishi hodi. Anasimama mahali pa kuonekana, anangoja atokewe. Nikangoja."

"Kifo cha nani?"

"Cha baba. Mimi nimezaliwa humo ndani, kaka. Baba alikuwa mwashi, alijenga nyumba hii kwa mkono wake. Walipomuua, mama alimfukia uani kabla hatujavuka mpaka. Sasa mama ni mzee. Anasema hafi yeye akamwacha mumewe amelala kwa watu."

Othmani akabana komeo zaidi. Bati lilikuwa la moto kwa jua. Layla alikuwa amefika nyuma yake, amesikia yote.

"Na nyumba?" Othmani akauliza. "Unaitaka?"

"Sitakudanganya. Neno la nyumba lipo, lina siku yake. Leo nimemfuata baba."

Othmani akamgeukia mkewe. "Umesikia? Nikimfungulia achimbe, mtaa mzima utajua ni yao. Nikifungua, nyumba inakwenda."

"Itakwenda, ndiyo," Layla akasema. "Lakini mi nimesikia sasa. We unataka nilale wapi humu, juu ya mutu? Nipike juu yake? Fungua, Othmani. Mgeni iko kwenye jua."

Alisimama pale mpaka bati likaacha alama nyekundu viganjani mwake. Halafu akavuta komeo.

Mtu aliyekuwa nje alikuwa wa kawaida kabisa, mvi kidogo masikioni, viatu vya matope. Uso wake haukuwa mweupe. Vumbi la saruji tu, kwa sababu naye ni mwashi. Alikuwa analia bila sauti. Inaonekana alikuwa analia siku zote zile, kamera haikuonyesha.

Mama yake, Kasilda, aliletwa kesho yake kutoka Mwakiro amekaa nyuma ya pikipiki na kitenge kichwani. Hakuuliza njia. Aliingia uani, akaipita sebule bila kuitazama, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya dirisha la chumba cha kushonea. Akasimama. Pale palikuwa na kilima kidogo cha kijivu.

"Nani amemwaga majivu hapa?" akauliza.

Kila asubuhi, miaka na miaka, Othmani alikuwa akiifungua pasi yake na kukung'utia majivu kupitia dirisha lile, kama baba yake alivyomwonyesha. "Mwaga pale," mzee alikuwa akimwambia, "pale hapalimwi." Mtoto hakuuliza kwa nini hapalimwi. Sasa alisimama na mikono yake iliyokosa pa kwenda, akamtazama bibi kizee akipiga magoti na kuyakusanya majivu kwa viganja, polepole, kama mtu anayempangusa mwenzake aliyelala.

Walichimba mchana, geti likiwa wazi, mtaa wote umesimama njiani. Alipatikana amelala ubavu, na kiatu kimoja. Kile cha pili walikitafuta mpaka mikono ikachubuka, hawakukiona. Kasilda alisema alikuwa na viwili wakati anamfukia, basi kuna mtu aliyewahi kufukua pale. Alilisema hilo mara moja tu, nasi wenye akili tunajua kwamba kuna maswali ambayo majibu yake yangehitaji ua mwingine na jembe lingine.

Othmani akaingia ndani, akatoa kitambaa cheupe alichokiweka kwa ajili ya kanzu ya Idi, akakishona mfuko kwa mishono midogo midogo. Hajawahi kushona kitu safi kama kile, na hicho hakukisifia kwa mtu.

Mwashi akazikwa Mwakiro, padri akasoma, Othmani akasimama nyuma na kofia yake ya darizi mkononi. Kisha siku ya neno la nyumba ikafika, kama Leonardi alivyosema. Wazee wa mtaa na wazee wa Mwakiro wakakaa. Othmani hakuwa na la kubishia. Aliyeruhusu jembe alikwisha kutoa ushahidi. Lakini Leonardi naye alisema mbele ya wote kwamba mtu huyu alifungua huku akijua atapoteza. Wakaigawa. Othmani akabaki na chumba cha kushonea na kimoja cha kulala. Vilivyobaki vikaenda kwa wenyewe, na uani ukuta upite katikati.

Majira hayo Othmani alifika Gitega, Houssein akamkalisha tena mbele ya televisheni, kwa huruma. Alicheza vibaya sana. Nadia anasema aliwatazama wale wa magunia bila kugusa kitufe, kisha akauliza, siyo kwa mzaha, "Hivi hawa wanamtafuta nani humu?" Houssein akaenda kuzima.

Ukuta aliujenga Leonardi mwenyewe, tofali kwa tofali, Othmani akimpimia kamba. Wakaanza getini, wakaenda vizuri, wakitaniana hata: fundi cherehani anapima kama anataka kuuvalisha suruali. Mpaka walipofika chini ya dirisha, pale shimo lilipofukiwa. Leonardi akasimamisha mwiko.

"Endelea basi," Othmani akamwambia.

"Endelea wewe, kaka."

Othmani akachukua tofali. Akainama nalo. Lilikuwa tofali tu, la Muyinga, jekundu, lenye alama ya kidole cha aliyelifyatua. Akakaa amelishika, kisha akalirudisha kwenye rundo.

Wakaruka pale, wakaendelea mbele hadi mwisho. Pengo liko hadi leo, refu kama mtu aliyelala. Kuku wa huku hawapiti kwenda kule, na wa kule hawaji huku, hata ukiwamwagia mtama. Layla alitaka pazia pengoni, maana jirani ni jirani. Othmani alipima kitambaa, akakikata, akapinda ncha. Kisha akakikunja, akakirudisha kabatini, akasema bado kinahitaji kunyooshwa.