Mabuti Matatu ya Meza ya Nne

Kabla hajagusa kisu, Bandama anainama kando ya meza namba nne ya machinjio na kupapasa ncha ya buti lake la kushoto, polepole, kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Halina tundu. Anavuta pumzi na kuanza kazi.

Nyuma yake, kwenye misumari ukutani, yananing'inia mabuti matatu ya mpira. Yote ni ya mguu wa kushoto. Yote yamekatwa kwa kisu tundu moja la duara, pale panapokaa kidole gumba.

"La kwanza ni la marehemu aliyeianzisha meza hii," anasema. "La pili ni la aliyenifundisha kazi. La tatu langu."

Alilikata asubuhi ambayo kidole kilivimba hata soksi ikamtoa machozi. Baadaye alikwenda kulitupa katika kabati la visu vibovu, kabati ambalo hakuwa amewahi kulifungua. Mawili ya wenzake yalikuwa humo. Akayapanga sakafuni. Matundu yalilingana.

Tangu alipoyatundika ukutani, mchunaji wa meza ya tatu hapiti bila kuamkia. "Shikamoo, mwenye meza!" Hamwamkii Bandama, anayaamkia mabuti. "Huyu wetu bado unamdai mguu?"

"Akimaliza wangu anakuja kwako," Bandama humjibu. Wengine hucheka, lakini hakuna anayekubali kuhamia hapo.

Muuguzi wa zahanati ana maelezo makavu zaidi. Ni jongo: asidi ya yuriki inazidi katika damu na kuganda kama vipande vya kioo ndani ya kiungo. Si kila mla nyama huipata, lakini figo, maini na bandama huichochea. Na meza ya nne ndiyo meza ya kusafisha viungo vya ndani. Kwa desturi ya machinjio hayo, anayeisimamia huondoka kila siku na "haki ya kisu": figo moja, kipande cha ini, na bandama. Bandama aliila haki hiyo miaka kumi na tisa. Jina lake la utani lilitoka hapo.

Kwa nini mguu wa kushoto kwa wote watatu, muuguzi hajui.

Bandama aliacha nyama hiyo. Miezi minne baadaye maumivu yakarudi, mchana kweupe, akiwa ameketi tu nyumbani. Ni binti yake aliyegundua: baba alikuwa akiichemsha haki ya kisu, nyama anawagawia wajukuu, supu anakunywa yeye.

"Supu ni maji tu," alijitetea.

"Baba, umewapa watoto makapi, ukanywa ugonjwa."

Muuguzi alimuunga mkono binti: sehemu kubwa ya kinachodhuru huhamia kwenye mchuzi. Bandama alikumbuka kwamba mwalimu wake, uzeeni, meno yakiwa yameisha, alikuwa akiishi kwa supu.

Sasa anakula mayai, mboga, maziwa na matunda, anabeba chupa mbili za maji, na hakosi dawa, maana chakula peke yake hakitoshi. Mwaka jana alikosa siku thelathini na moja za kazi, na msimamizi akamwonya kwamba kibarua kitaota nyasi. Mwaka huu amekosa mbili.

Saa sita misumeno inazimwa. Katika ukimya ule kitu kinajiburuta nyuma ya meza, hatua moja nzito, kisha nyingine.

"Mfereji huo," anasema msimamizi.

Mfereji umezibwa tangu juzi kwa matengenezo.

Bandama hageuki. Mwakani anastaafu, na meza ataikabidhi kwa binti yake. Ameandika barua kuomba haki ya kisu ibadilishwe iwe trei ya mayai kila wiki. Hajajibiwa. Ukutani, tangu Jumatatu, kuna msumari wa nne. Hakuna anayekiri kuupigilia.

"Nitatundika buti hili, zima," anasema. "Binti yangu akija asubuhi yake ya kwanza, alione. Ajue kuna mtu aliyetoka hapa na mguu wake."

Anainama, anapapasa tena.