Nyanya Anayeinua

Harufu ya sabuni ya kipande na moshi wa kuni mbichi hunirudisha kwenye masika yale nilipokuwa na miaka minane, mto ulipofurika na njia ya kwenda zahanati ikafungika. Mama alikuwa mjamzito. Nyanya, mamake baba, alikuwa mkunga mkali asiyetaka mchezo. Uchungu ulipoanza alitufukuza watoto sote nje, akachochea moto, akanawa mikono hadi viwikoni, akatuonya tusithubutu kuuliza kama ni mvulana au msichana. Kwetu hilo haliulizwi mpaka mkunga amwinue mtoto na kumwonyesha mlangoni.

Tukangoja. Mama alipiga ukelele, kisha kukawa kimya, na mtoto hakulia. Baba akajishika kichwa. Mimi nilimtaka mtoto yule kuliko kitu chochote duniani. Nikamsikia Nyanya akimsugua kwa kitambaa huku akimgombeza: "We! Umenisumbua tangu alfajiri, sasa unaninyamazia? Lia, bwana!" Akarudia, sauti imeanza kumkauka. Ndipo kilio kikatoka, chembamba, chenye hasira. Nyanya akatokea mlangoni amemwinua ndugu yangu juu, machozi yakimtiririka. Nikamwambia palepale kwamba nitakuwa mkunga. "Haya, basi acha kulia umsaidie mamako," akasema.

Leo mimi ni muuguzi hapa Doha, katika wodi ya wazee. Watoto huzaliwa ghorofa ya juu, nami sijawahi kuitwa huko. Jioni, basi la kampuni likishatushusha, nahudhuria darasa la Kijerumani kwa simu. Juzi mwalimu alitufafanulia neno Hebamme, yaani mkunga. Zamani sana, alisema, liliunganisha kuinua na nyanya: nyanya anayemwinua mtoto. Baadaye watu wakamsahau nyanya huyo, wakamweka mama wa kunyonyesha mahali pake. Mwenzangu wa chumbani, Mganda, alinicheka: "Dada, unalilia neno?" Ndiyo, nililia. Watu wa nchi ya theluji waliona kile nilichokiona mlangoni kwetu.

Nyanya hakuwa na umeme wala daktari wa kumpigia simu. Mimi nina cheti, mshahara na chumba chenye kiyoyozi, lakini sijamwinua mtoto hata mmoja. Mtihani wa Kijerumani nimeufeli mara moja. Nitaurudia, kisha nitakwenda kusomea ukunga Ujerumani. Mwenzangu anasema kazi kama hii haiachwi. Asubuhi nimemwambia mkuu wa wodi kwamba mkataba ukiisha sitatia sahihi mwingine. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu ndiyo, nikaenda kuwageuza wazee wangu kitandani.