Viazi vya Madhabahuni Haviendi Shambani

KIFANYA, Njombe, Juni 1957 – Saa kumi na mbili asubuhi, baridi inauma mpaka kwenye kucha, na Ema Mlowe ameshainama kwenye matuta yake. Anachimbua kiazi, anakipangusa udongo kwa kidole gumba, anakigeuza. Akikitilia shaka anakikata. Kikiwa na doa la kahawia ndani, kinakwenda kwenye shimo la kufukia, hata kikiwa kikubwa namna gani.

"Huyu nje anapendeza, ndani ameoza," anasema akikitupa kimoja. "Nikimhurumia leo, mvua ikinyesha atanimaliza."

Ema, mama wa watoto wanne, analima viazi vya mbegu. Kesho ni sikukuu ya mavuno katika usharika wake wa Kilutheri, na hana raha. Kesho ndipo itakapojulikana kama Kifanya itaubeba tena ugonjwa wa baka kwa mikono yake yenyewe.

Baka huanza na madoa meusi kwenye majani. Chini ya jani hutokea kitu cheupe kama unga, na upepo na mvua hukipeleka kwa jirani. Bwana shamba Danieli aliwaeleza wakulima kwamba ugonjwa huo hujificha pia ndani ya kiazi. Ukikipanda, unaota nacho.

Msimu uliopita Ema alipanda madebe manane, akavuna mawili. Alipokwenda kuwapa pole wenzake aligundua jambo. Nyumba ambazo mashamba yao yalipatwa na baka kwanza ndizo zilizonunua viazi kwenye mnada wa sikukuu ya mavuno, nje ya kanisa. Yake ilikuwa mojawapo.

Na nani asingenunua? Viazi vya mnada vimetoka madhabahuni, vimeombewa. Watu wa hapa huvigombania kwa mbegu. Lakini pale mbele vya kila nyumba humwagwa pamoja, vizima na vigonjwa, na jioni vinatawanyika hadi Makambako.

Ema hakunyamaza. Aliwaendea wazee wa kanisa akaomba viazi vyote vya sadaka vipikwe na kuliwa palepale. Mzee Nahumu alikunja uso.

"Kwa hiyo, mwanangu, baraka ndiyo iliyotuletea ugonjwa?"

"Hapana, Baba. Ni sisi tuliobeba viazi vigonjwa tukamwekea Mungu."

Mzee Nahumu anakiri kwamba usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa wa kwanza kukubali. "Nami nilikuwa nimepeleka vibovu," anasema, na kucheka mpaka anakohoa.

Jumapili inafika. Kikapu cha Ema kinawekwa mbele, na hakuna anayehitaji kuambiwa kuwa ndicho kizuri kuliko vyote. Viazi ni vyeupe, vimelingana, havina kovu. Ema anajivuna, na hafichi.

Baada ya ibada, sufuria zikiwa tayari motoni, wifi yake Priska, aliyekuja kwa lori kutoka Makambako, anamshika mkono. Mwaka jana Priska alinunua mbegu kwenye mnada huu, na shamba lake likaoza lote.

"Kamwene, wifi. Hivi vyako nipe mimi. Kila mtu anajua ni safi. Nirudi kwa watoto mikono mitupu?"

Watu wanageuka. Kumnyima wifi mbegu, tena hadharani, ni aibu ambayo hapa haisahauliki upesi. Lakini akimpa, nani mwingine atakubali kikapu chake kiingie jikoni?

Ema anainua kikapu chake, anakimwaga chote juu ya lundo la wenzake. Kisha anakaa chini, anachukua kisu na kuanza kumenya kiazi chake kizuri kuliko vyote.

"Vya hapa tunakula, wifi. Mbegu yako iko nyumbani kwangu, darini. Nimekuchagulia tangu ikiwa majani. Haijakutana na kiazi cha mtu."

Priska anafunga khanga kiunoni, anaomba kisu. Nyuma yake wanawake wanamwaga vikapu vyao, mmoja baada ya mwingine, na Mzee Nahumu anatafuta kuni za kuongeza.

Jioni, hakuna hata kiazi kimoja kilichotoka uwanjani isipokuwa tumboni mwa mtu. Ema anampakilia wifi yake madebe mawili kutoka darini. Anasema anataka Makambako nako kuwe na mtu wa mbegu, na mtu huyo atakuwa Priska. Atamfundisha kukagua majani kila baada ya mvua na kuosha jembe kabla ya kuliazima.

"Mwakani sikukuu nakuja kula kwenu," anamwambia lori likiwashwa. "Nikute sufuria kubwa kuliko ya kwetu."

"Utaikuta," Priska anajibu kutoka juu, amekumbatia mbegu yake. "Uje na kisu chako."